Kuku, Meneja na Mistari Minane

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Nimeanza kuandika. Si kwa kupenda. Leo asubuhi mwalimu wa Kitufe alituita wazazi shuleni, akatuketisha kwenye viti vya watoto, magoti yakagusa videvu, akasema mtoto akimwona mzazi wake anaandika naye atapenda kuandika. Basi ndiyo haya. Kitufe yuko mkono wangu wa kulia, anachora duara. Ameuliza naandika nini. Nimemwambia mambo ya watu wazima. Amesema mwandiko wangu unapanda mlima. Kweli unapanda.

Kitufe ni binti yangu, miaka sita na nusu. Jina la cheti lipo, ila alizaliwa mdogo, mviringo, anang'aa, babake akasema huyu ni kitufe cha koti, na likabaki hilo.

Sasa habari yenyewe. Shuleni wanafundishwa kusoma kwa Kiingereza, lugha ambayo kwetu haijawahi kuingia hata kwa kupotea njia. Mwalimu amesema familia lazima zishiriki. Mtoto analeta kitabu nyumbani na kadi yenye visanduku. Kila siku asome, mzazi atie sahihi kisanduku kimoja. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 16, kila mtoto aje na mtu wake wasome kitabu pamoja mbele ya darasa. Baada ya hapo mwalimu atawapanga. Walio kwenye vitabu vya njano watasonga mbele. Watakaobaki kwenye vyekundu wataanza upya na watoto wapya.

Kitufe yuko kwenye chekundu. Tangu mwaka uanze.

Mimi niliishia darasa la sita. Kiswahili nasoma vizuri, hata yale maandishi madogo kwenye chupa za dawa ya nywele. Kiingereza kinanipita kama gari la zimamoto: nakisikia, nasogea pembeni. Kitufe hajui hilo. Kitufe anaamini mama yake anajua kila kitu, kuanzia kwa nini mwezi una madoa mpaka namna ya kutoa ubani wa kutafuna kwenye nywele. Sitaki ajue. Wala sitaki arudishwe kwa hao watoto wageni kwa ajili yangu.

Barua ya shule tuliyopewa leo nimeibandika ukutani kwa gundi ya unga, juu ya kioo cha wateja wangu wa kusuka, upande wenye muhuri ukitazama nje. Mama Pacha akiingia aione.

Mama Pacha ni jirani, mshona sare. Pacha wake wote wawili wako darasa la Kitufe, na wote wawili wana vitabu vya njano. Tukiwa tunatoka shuleni alitangaza, kwa sauti ya kusikika na mlinzi wa geti, kwamba wanawe husoma hata wakiwa wanaoga. Nikasema wangu husoma usingizini. Akauliza husoma nini. Nikasema simwamshi nikamuuliza.


Jumanne, tarehe 6 Mei

Kitufe amesoma kurasa mbili. Kitabu kina kurasa nane na ni cha kuku. Amesoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno, kimya, neno, kimya.

Baba Kitufe ni fundi wa friji. Alikuwa sakafuni amefungua mota. Bila kuitwa, akamuuliza mtoto kwa Kiswahili huyo kuku anatafuta nini kwenye ndoo. Kitufe akasema anatafuta pa kutagia. Akauliza kwa nini asitage humohumo. Kitufe akasema ndoo ina maji, baba, si unaona picha. Wakacheka wote wawili. Wakafungua ukurasa wa tatu kuona kama kiatu kitamfaa kuku.

Nimewatenganisha. Nimemwambia baba Kitufe asimchanganye mtoto kwa Kiswahili, kitabu ni cha Kiingereza. Akasema haya, akarudi kwenye mota. Mume mwema, ila mambo ya elimu hayajui.

Baadaye aliniuliza kwa nini nisimwambie tu mtoto kwamba Kiingereza sikijui. Nikamjibu siku atakayomwambia mteja kwamba friji hazijui, na mimi nitasema. Akachukua bisibisi yake. Nimeshinda.

Nimetia sahihi kwenye kadi. Sahihi yangu nzuri, ina mkia.


Jumatano, tarehe 7 Mei

Nimepata mpango. Umenijia nikiwa nasuka, vidole vinafanya kazi vyenyewe, kichwa kiko huru.

Nina mteja anaitwa Dada Simu. Anapokea simu kwenye ofisi kubwa yenye milango ya vioo, mwaka wa kumi na moja sasa. Kiingereza chake kinajulikana mtaa mzima. Hata akiwa kwangu simu yake ikilia huipokea kama yuko kazini, maneno yanatoka yamenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Ukisikia unakaa vizuri mwenyewe.

Jumamosi ni zamu yake. Nitamweka kwenye stuli, kitabu mapajani, yeye anasoma, mimi nasuka na masikio yangu yanakamata. Mtu anayesukwa hawezi kuondoka, huo ndio utamu wa kazi yangu. Kitabu kina kurasa nane. Yeye husukwa mistari minane. Kila mstari na ukurasa wake. Mimi nikisuka kitu sikisahau, naweza kukwambia nani alisuka nini harusi ya mwaka juzi.

Ijumaa ile nitasimama mbele ya darasa na kusoma kitabu kizima. Kitufe atapanda njano. Mama Pacha atatafuta pa kuweka uso.


Ijumaa, tarehe 9 Mei

Mama Pacha amekuja kuazima sindano nene. Alipoinama, kadi ya pacha wake ikadondoka kutoka mfukoni. Nikaiokota. Imetiwa sahihi mpaka tarehe 30.

Leo ni tarehe 9.

Sikusema kitu. Nilisema kidogo tu. Nilimuuliza tarehe 30 watoto walisoma kuhusu nini. Akanikwapua kadi akasema, jirani, wangu wanasoma mbele ya wenzao.

Nimetembea na raha hiyo mchana wote. Sindano sijaiulizia.


Jumamosi, tarehe 10 Mei

Mpango umefaulu kuliko nilivyopanga.

Dada Simu alifika saa nne, nywele zimeoshwa. Nikamwambia leo namsuka bure. Akanitazama kwenye kioo, akaniuliza kama kuna mtu amefariki. Nikasema ni shukrani tu kwa wateja wa siku nyingi. Akasema, mdogo wangu, bure ina mama yake, hebu nitajie huyo mama.

Basi nikamtolea kitabu. Nikasema nakijua, bila shaka nakijua, ila napenda kusikia watu wa ofisini wanavyotamka, nilinganishe. Alikishika kitabu kwa mkono ulionyooka, kama mtu aliyeokota panya kwa mkia. Akauliza kama anaweza kwenda nacho nyumbani. Nikasema hapana, kinahitajika. Akasema mwanga hafifu. Nikawasha taa. Akasema nywele zinamziba macho. Nikazibana juu. Akakohoa, akaketi wima, akaanza.

Sijawahi kusikia Kiingereza kama kile. Ukurasa wa kwanza kuku amesimama mlangoni pa banda, na maneno yalianza na haloo. Nikapenda. Kitabu chenye adabu, kinaanza kwa salamu. Ukurasa wa tatu nikasikia meneja, halafu ofisi. Mkono ukasimama. Meneja kwenye kitabu cha kuku? Sikuuliza, kuuliza ni kujivua nguo. Nikafikiri peke yangu mpaka nikapata. Meneja ni kuku, ndilo jina lake. Na ofisi ni banda. Ukitazama vizuri banda ni ofisi kabisa: wamekaa kwa safu, wanapiga kelele, jioni wanafungiwa. Ukurasa wa tano nikasikia namba. Mayai hayo, yanahesabiwa.

Nikamwomba arudie. Akarudia bila kuteleza popote. Mara sita. Mara ya nne alikuwa hata hakitazami kitabu, anajitazama kwenye kioo na maneno yanamwagika yaleyale. Nikasema moyoni, huu ndio usomi. Mtu mpaka kitabu hakihitaji.

Nilipofunga mstari wa nane, sentensi ya nane ilikuwa imekaa. Kutoka kipaji cha uso mpaka kisogo, kila moja mahali pake. Dada Simu alisimama, akajipapasa mistari, akasema haijawahi kubana hivi. Nikamwambia ni ya elimu.


Jumatatu, tarehe 12 Mei

Leo nimemsomea Kitufe. Nimemweka katikati ya magoti, mgongo kwangu, vidole vyangu kichwani mwake, maana nimegundua bila kichwa sentensi haziji. Nikasema ukurasa wa kwanza wote bila kupumua.

Kitufe akaweka kidole kwenye karatasi. Akasema, mama, hapa pana maneno matatu, wewe umesema mengi. Nikamwambia wakubwa wanasoma na yale yaliyo ndani ya maneno. Akahesabu tena. Matatu.

Ukurasa wa tatu akauliza kuku yuko wapi kwenye yale niliyosema. Nikamwambia kuku ndiye meneja. Akamtazama yule kuku kwa muda mrefu, nadhani kwa heshima mpya. Kisha akasema lakini hapa neno halianzi na M. Nikamwambia meneja ni jina la utani. Hata yeye tunamwita Kitufe na kwenye cheti chake hakuna Kitufe. Akakubali kama anavyokubali dawa ya minyoo.

Halafu akachukua kitabu, akageuka akakaa kunikabili, akasema ngoja nikuonyeshe. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Akasoma. La pili likamkwama. Akarudi nyuma, akalitamka herufi kwa herufi kama anayechambua mchele, akalipata. Akaninyanyulia uso kuona nitasema nini.

Nikamwambia vizuri sana mwanangu, ila umeruka sehemu kubwa.

Akarudia kutoka mwanzo.


Jumatano, tarehe 14 Mei

Ubishi haujaisha. Mimi nasoma ukurasa, Kitufe anasema hapana. Anafungua tena, anaweka kidole, anabonyeza neno moja moja kana kwamba neno litakimbia. Ukurasa wa sita umepata alama ya mafuta ya nywele. Usomaji ule wa kuvuka mto kwa mawe umeisha, siku hizi hana nafasi ya kukwama, ana kazi ya kunipinga.

Anasoma kila mahali. Amemsomea babake, akamweleza kwa Kiswahili kila kuku alipopita, nami nilikuwa na mteja sikuweza kuzuia. Amemsomea na huyo mteja, mara tatu. Mama wa watu alikuwa katikati ya kusukwa, angekwenda wapi? Alipoondoka alisema sasa na yeye anamjua yule kuku.

Mchana nimemsikia akimwambia mwanasesere wake, ukikosea si kitu, hata wakubwa wanakosea. Sijui alikuwa anamsema mkubwa gani. Labda babake.

Nimemwambia baba Kitufe kwamba mtoto amebadilika kwa sababu ya kusikia Kiingereza changu. Akasema yeye anavyoona ni mtoto ndiye anayemfundisha mama. Nimemwambia atazame kompresa yake.

Keshokutwa ndiyo siku. Nguo nimeipiga pasi. Mistari minane yote ipo. Naipitia nikiosha vyombo, vidole kwenye sufuria.

Nina wasiwasi kidogo. Si kwa ajili yangu. Nimemuuliza Kitufe akirudishwa kwa wageni atajisikiaje. Amefikiri. Amesema wale wanakaa karibu na mlango, na kuna baridi.


Ijumaa, tarehe 16 Mei

Naandika taratibu. Nataka kukumbuka kwa mpangilio.

Darasa lilijaa. Kamba imekatiza ukutani na herufi zimeanikwa juu yake kama soksi. Wazazi tena kwenye vile viti. Mama Pacha alikaa mbele, pacha kulia na kushoto, nguo mpya wote watatu. Mwalimu akasema kila mtoto atasoma na mtu wake atamsaidia, hakuna haraka.

Pacha walitangulia. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atasoma. Wakatazamana. Mama Pacha akawafinya wote wawili kwa pamoja, wakaanza kwa pamoja, kila mmoja ukurasa wake. Mwalimu akawaambia asanteni, watarudi baadaye mmoja mmoja. Nilitazama dari. Sikutaka mtu auone uso wangu jinsi ulivyokuwa na furaha.

Kisha Kitufe. Tulisimama. Mwalimu alimwonyesha Kitufe kwa mkono, kwamba aanze yeye. Nikasema kwa heshima zote, mwalimu, nitaanza mimi. Nikaweka vidole kichwani mwa binti yangu, nikashika mstari wa kwanza, nikatiririka.

Haloo ilitoka safi. Wa pili safi. Kwenye meneja nilipandisha sauti kidogo, kwa kuwa ndiye mwenye kitabu. Baba mmoja nyuma akatoa simu mfukoni akaitazama. Nikadhani hana adabu, nikaendelea. Namba. Mstari wa sita. Wa saba. Wa nane niliumaliza na kichwa nimekiinamisha, kama Dada Simu anavyomaliza.

Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa daftari. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikajua ameguswa. Mama Pacha, huyo sitamsahau, ndiye wa kwanza kupiga makofi, tena ya nguvu, uso umemchacha. Watu wakafuata.

Kitufe akanivuta upindo wa nguo. Akasema, mama, kaa. Nikakaa. Akasema, sasa mimi.

Akasoma kitabu chote. Kurasa nane, kidole chini ya kila neno, na kila akimaliza ukurasa ananigeukia na kunieleza kwa Kiswahili, kama alivyofanya wiki nzima. Hapa kuku anatazama ndoo, ina maji. Hapa kiatu, kinanuka. Hapa kofia, ina mwenyewe. Hapa ametaga kwenye kapu, mama, umeona? Nikasema nimeona. Nilikuwa sioni vizuri, macho yalikuwa yamejaa.

Mwalimu alimuuliza ni nani aliyemfundisha kufuata kila neno kwa kidole. Kitufe akasema, mama anaongeza maneno, kwa hiyo lazima nimwonyeshe.

Mwalimu akaenda kabatini, akarudi na kitabu cha njano.

Baada ya watu kutawanyika aliniita pembeni. Akaniuliza taratibu kile kitabu nilijifunzia wapi. Nikasema kwa mtaalamu. Akasema, mama, ninakushukuru, umesimama na wengi hawakuthubutu. Kisha akaniambia nilichosema mbele ya watu. Nilisema haloo, habari za asubuhi, nikusaidie nini. Nikasema tafadhali subiri. Nikasema meneja hayupo ofisini. Yuko kwenye kikao mpaka saa nane. Tafadhali acha namba yako. Samahani, simu nyingine inaita. Ujumbe wako nitaufikisha. Asante kwa kupiga simu, uwe na siku njema.

Nikamwelewa yule baba wa nyuma.

Mwalimu akasema hakuna aliyenitaka nijue Kiingereza. Nimsikilize tu mtoto anavyosoma, nimuulize kwa lugha yetu kuku anakwenda wapi, tuzungumzie picha, nicheke naye, basi. Akasema yote hayo yameandikwa kwenye barua, kwa Kiswahili, upande wa pili. Akaniuliza kama barua ninayo. Nikasema ninayo, nimeitunza sana.

Njiani Kitufe alikuwa ameshika kitabu cha njano kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi. Nikamwambia, mwanangu, kuna jambo mama hajakwambia. Akasema analijua. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu meneja. Akasema, ulikuwa hujui, ndiyo maana nikawa nakufundisha, ila unabisha sana, mama.

Nikamwambia najua Kiingereza, ila cha simu.

Akacheka mpaka akakaa chini barabarani na kitabu chake. Nami nikakaa. Hakunipunguzia heshima hata kidogo. Alinishika mkono mpaka mlangoni kama kawaida.


Jumamosi, tarehe 17 Mei

Nimejaribu kuibandua barua kwa maji ya moto. Muhuri umetoka vizuri. Upande wa pili umebaki ukutani, maneno yametazama saruji. Gundi yangu ni ya kweli. Nimefanikiwa kusoma "mzazi mpendwa" na "usiwe na wasiwasi".

Nimekwenda kwa Dada Simu. Nimemwambia yote, mpaka yule baba na simu yake. Hakutikisika. Akasema nilimwomba aseme Kiingereza akasema Kiingereza. Sentensi nane hizo amezisema miaka kumi na moja na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Akaniuliza kama matamshi yalikuwa mazuri. Nikasema yalikuwa mazuri sana. Akasema basi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba zaidi ya hizo nane hana, mdogo wangu, na nisimwambie mtu.

Nimemwahidi. Hapa naandika tu, na daftari si mtu.

Mama Pacha amekuja na sindano. Pacha mmoja amebaki njano, mwingine mwalimu amempa wiki mbili. Alikaa kwenye stuli ya wateja bila kualikwa. Akaniuliza, jirani, ile sauti ya Kiingereza uliitoa wapi, mbona hukusema una kipaji hicho. Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka. Nikasema ni kujisomea tu. Akaniomba nimsomee pacha wake yule wa wiki mbili. Nikasema nitatazama nafasi.

Kitufe alikuwa karibu. Alinitazama tu, akaendelea kuchora.


Jumatatu, tarehe 19 Mei

Siku nzuri. Jua, wateja watatu, baba Kitufe ameimaliza ile friji, inanguruma kama paka aliyeshiba.

Kitufe anakaa dirishani sasa, na wa njano. Hakuna baridi. Kitabu kipya ni cha mbuzi aliyepanda juu ya paa, nimeona kwenye picha. Tumekitazama pamoja baada ya kula, wote watatu kwenye mkeka. Nimefanya kama mwalimu alivyosema. Nimemuuliza kwa Kiswahili mbuzi amefikaje huko juu. Akasema kwa ngazi. Babake akasema mbuzi hana haja ya ngazi. Wakabishana. Kitufe akafungua ukurasa kutafuta ushahidi, kidole mbele. Nilijisikia raha mpaka kwenye vidole vya miguu. Elimu si jambo gumu kumbe. Mimi nimelielewa.

Ila nimehesabu. Kitabu hiki kina kurasa kumi na sita. Dada Simu ana nane tu, hata nikimsuka mara mbili zitakuwa zilezile. Na tarehe 30 mwalimu ametuita tena. Na Mama Pacha atakuwepo, na ameshauambia mtaa mzima kwamba nitasoma.

Nimekumbuka mteja wangu yule anayetangaza safari kwenye kituo kikuu cha mabasi. Anaongea Kiingereza asubuhi mpaka jioni, tena kwa kipaza sauti. Huyo si wa sentensi nane. Nimempigia. Anakuja Alhamisi, saa tatu, nywele zimeoshwa. Nimemwambia safari hii misuko midogo midogo, mistari kumi na sita, bure.

Ameniuliza kama kuna mtu amefariki.

Kitufe amenisomea ukurasa wa kwanza wa mbuzi peke yake. Maneno sita, hakukwama hata moja. Nimembusu kichwani. Nimemwambia asiende mbali sana, amsubiri mama yake, Alhamisi nitakuwa tayari.